Maswali ya Wasomaji: Tumehamia Mombasa, Tutembee Wapi Mimi na Mume Wangu?

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi na mume wangu ni Watanzania, wenyeji wa Mwanza, na tumeoana mwaka jana. Mume wangu alipata kazi katika kampuni moja inayohudumia makasha bandarini, tukahamia hapa Mombasa, mtaa wa Tudor, mwezi wa Februari. Lugha haitusumbui na majirani ni watu wema, lakini moyo wangu haujatulia. Siku za kazi nashinda nyumbani peke yangu, na Jumapili ikifika mwenzangu analala mpaka adhuhuri, kisha anatoka kwenda kutazama mpira na wenzake. Kule kwetu tulizoea kwenda ziwani kila mwisho wa wiki, tukala samaki na kuzungumza mpaka giza likaingia. Hapa matembezi yetu yametuachia uchungu tu. Siku moja tulikwenda katika hoteli ya pwani ambako kiingilio na chakula cha mchana vilimaliza pesa za matumizi ya wiki nzima. Siku nyingine tulikwenda kuogelea, tukakuta bahari imeondoka, mawe na mwani mpaka mbali, tukarudi nyumbani tumenuniana. Sasa mume wangu anasema Mombasa ni mji wa watalii, si wetu sisi watu wa mshahara. Naomba unielekeze tutembee wapi, na nifanye nini ili naye apende kutoka nami.

Mgeni wa Tudor, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na karibuni Mombasa nyote wawili. Barua yako nimeisoma kwa makini, na naona mambo mawili yamefungwa katika fundo moja: mji huu hamjazijua saa zake, na nyinyi wenyewe hamjapatana juu ya wakati wa kupumzika pamoja. Naanza na hilo la kwanza, kwa sababu likifunguka, la pili huwa jepesi zaidi.

Katika Ziwa Victoria hakuna maji kujaa na kupwa ya kuonekana kwa macho, kwa hiyo mtu wa Mwanza akienda ufukoni asubuhi au jioni huukuta ulivyo siku zote. Bahari ya Hindi haiko hivyo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kati ya usiku na mchana, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu inaweza kukaribia mita 4, na bahari hurudi nyuma mpaka kwenye mwamba wa matumbawe, ikaacha mawe, mwani na vidimbwi. Hayo ndiyo mliyoyakuta. Watafutaji wa pweza huisubiri saa hiyo kwa hamu, lakini mwogeleaji haimfai. Lililo la kushika ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu, siku za maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, ingawa hayaendi mbali sana. Basi kabla ya kupanga safari ya kwenda kuogelea katika fukwe za Nyali au Bamburi, utazameni mwezi kwanza. Mume wako yuko bandarini, mahali ambapo kuingia na kutoka kwa meli hupangwa kwa kufuata maji, kwa hiyo hatakosa wa kumuuliza saa za siku yoyote mnayoitaka.

Sasa nije kwenye mahali penyewe. Ushauri wangu, nao nausimamia, ni kwamba msianze na hoteli wala mbuga. Chagueni mahali pamoja, pa bure, karibu na nyumbani, mpaendee mara kwa mara mpaka muuza madafu awajue kwa sura na aulize mmoja wenu yuko wapi siku atakapokosekana. Ugeni hauondolewi na safari moja kubwa iliyogharimu pesa nyingi. Huondolewa na mazoea, na mazoea yanahitaji mahali ambapo mfuko unawaruhusu kurudi.

Kwa mkaazi wa kisiwani, mahali hapo kwa maoni yangu ni Mama Ngina, ambako wengi wetu bado tunapaita Lighthouse. Ufuo huo ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ukapata njia pana za kutembea kwa miguu, na mibuyu mikubwa ya zamani ingali imesimama. Kuingia hakuna malipo. Nendeni mnamo saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeshapungua ukali. Mtakuta familia zimeketi ukutani zikiangalia mlango wa bahari, na wauzaji wamewasha makaa. Muhogo wa kuchoma hupasuliwa katikati, ukanyunyizwa chumvi na pilipili ya unga, ukakamuliwa ndimu, kisha ukafungwa ndani ya kipande cha karatasi, na huliwa ungali moto. Dafu hukatwa mbele yako, na ukimaliza maji yake mwambie muuzaji akupasulie ule nyama yake kwa kijiko kilichochongwa kutoka kwenye kifuu chenyewe. Hivyo viwili vinatosha kuwa karamu ya watu wawili, na gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya hoteli mliyokwenda.

Lakini lililonifanya nipachague Mama Ngina kwa ajili yenu hasa ni meli. Kila meli inayoingia bandari ya Kilindini hupita katika mlango ule mwembamba, karibu mno na ukuta mtakapokuwa mmeketi, hata huwaona mabaharia wakitembea juu ya sitaha. Mume wako huyaona makasha yale yakiwa yameshafika gatini, katika kelele na joto, huku msimamizi akimhimiza. Wewe hujawahi kuuona ulimwengu huo wake. Mwombe akueleze kwa nini meli moja imezama sana majini na nyingine inaelea juu, rubani wa bandari huipanda meli wapi, na makasha ya Uganda na Rwanda hutenganishwa vipi na yanayobaki Kenya. Mtu akiulizwa juu ya kazi yake na mkewe mwenye hamu ya kweli ya kusikia, huzungumza, na naamini mazungumzo hayo ndiyo unayoyakosa kuliko samaki wa ziwani.

Hapo nimefika kwenye suala la mume. Mwanangu, usimfanye mpira kuwa adui yako. Kijana aliyehamia nchi ya watu anahitaji wenzake, na wale anaotazama nao mechi ndio watakaomwazima pesa akikwama na watakaomsindikiza hospitali akiugua. Wala usingizi wake wa Jumapili usiuone kuwa ni kukukwepa, kwani bandari ya Mombasa hufanya kazi usiku na mchana, na anayebadilishiwa zamu mwili wake hauna Jumapili. Kwa hiyo badala ya kugombania siku ambayo tayari imeshikwa na usingizi na mpira, mwombe akuonyeshe ratiba yake ya zamu, mtafute jioni moja katikati ya wiki ambayo anatoka kazini mapema, muifanye kuwa yenu wawili. Jumapili isitoshe ndiyo siku ambayo fukwe za umma hufurika watu, matatu zikajaa na bei zikapanda. Jumatano Mama Ngina ina nafasi na utulivu. Pataneni pia juu ya kiasi cha pesa cha mwezi mzima cha matembezi, kiwekwe kando mshahara unapoingia, na mchague mahali kwa zamu: wiki hii wewe, wiki ijayo yeye, na aliyechagua ndiye anayeuliza nauli na njia, ili mmoja asibebe mzigo wa kupanga na mwingine akabaki na kazi ya kulalamika.

Mkishapazoea Mama Ngina, ingieni Mji wa Kale, ambao kutoka Tudor hauhitaji zaidi ya safari fupi ya tuktuk. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, inastahili alasiri nzima, si nusu saa ya kupigia picha. Chukueni pasipoti au vitambulisho, kwa sababu kiingilio hutofautiana baina ya Waafrika Mashariki na wageni wa mbali. Ndani mtaona michoro iliyochorwa ukutani na mabaharia Wareno, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari katika miaka ya 1970 kutoka kwenye meli Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Waingereza nao waliigeuza gereza mpaka mwaka 1958. Mkitoka, fuateni barabara ya Ndia Kuu polepole, mkitazama roshani za mbao na milango ya nakshi, mpite msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mweupe, mpaka mfike bandari ya kale ambako majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuwa yakishuka na upepo wa kaskazi. Jioni mtaa huo hufunguka kwa vyakula: viazi karai vyenye chatne ya ukwaju, mishkaki, kaimati, na muuza kahawa chungu na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili ajulikane yuko wapi. Ketini barazani pake mnywe. Hapo watu hawaulizi kabila kabla ya kuuliza habari za kutwa. Kwa heshima ya wenyeji, vaa nguo ya kusitiri na uwe na leso begani, na msipige picha za watu, hasa akina mama, pasipo kuwaomba ruhusa. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya huko hufungwa mchana, lakini baada ya magharibi mitaa hukesha, na mwenye kutaka kuijua Mombasa asiukose mwezi huo.

Pesa zikiruhusu, vukeni kisiwa. Feri ya Likoni haimtozi nauli anayevuka kwa miguu, na kuvuka tu na kurudi saa isiyo na msongamano ni matembezi ya kutosha, mradi simu ziwe mahali salama. Upande wa kaskazini nawapendekezea Haller Park, huko Bamburi, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu mahali hapa huwagusa hata watu wasiopenda kutazama wanyama. Palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, shimo jeupe lisiloota hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje, mti unaovumilia chumvi na joto, lakini majani yake yalipoanguka hayakuoza. Akaleta majongoo wenye miguu myekundu, ambao huyala majani hayo na kuyageuza udongo. Kwa udongo huo ikawezekana kuota miti mingine, na leo pale chini ya vivuli wanatembea twiga. Ndipo pia kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa baharini huko Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipojishikiza kwa kobe mzee aliyeitwa Mzee, akamfuata kama anavyomfuata mama yake. Mwambie mume wako pia kwamba kampuni ya saruji ya Bamburi ilinunuliwa na kundi la Amsons la kwenu Tanzania mwishoni mwa mwaka 2024, maana yeye anasema mji huu si wenu.

Mbele zaidi kuna magofu ya Jumba la Mtwana, ng'ambo ya kijito cha Mtwapa, mji wa Waswahili wa karne ya 14 wenye msikiti unaotazama bahari na mibuyu iliyoota kando ya kuta za nyumba. Ni mahali pa kimya, pa kuchukua chakula chenu wenyewe. Kusini kuna Shimba Hills katika Kaunti ya Kwale, ambako ndiko kwa pekee katika Kenya nzima anakopatikana palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Hiyo iwekeni kwa siku maalumu, kwa sababu inahitaji gari, na ni vyema mkachanga gharama na jamaa wengine. Na kwa kuwa masika huanza kuelekea Aprili na mwezi wa Mei mvua huwa nyingi kupita kiasi, kisha kusi huvuma kwa nguvu na kuichafua bahari mpaka Agosti, safari za mashua na za kutazama samaki chini ya maji ziwekeni akiba mpaka kaskazi, ambapo maji hutulia na huwa meupe.

Neno langu la mwisho kwako ni kuhusu siku za kazi. Matembezi ya mume na mke, hata yakiwa mazuri vipi, hayawezi kujaza siku tano za upweke, na ukimngojea mume akuletee dunia nzima jioni mtachoka nyote wawili. Nenda soko la Marikiti asubuhi na jirani yako mmoja, akuonyeshe anakonunua viungo na kwa bei gani. Ukialikwa harusi, nenda, kwa sababu shughuli za wanawake katika harusi za Pwani ni ulimwengu kamili ambao mume hana nafasi ndani yake, na ndiko utakakopata mashoga, yaani marafiki wa kike. Ukifanya hivyo, Jumatano jioni kule Mama Ngina utakuwa nawe una habari za kumsimulia.

SWALI: Mama, mimi ni mzaliwa wa Kisauni, nafanya kazi Doha, Qatar, na mke wangu amekuja kuishi nami tangu Mei. Kila tukitoka tunaishia katika duka kubwa lile lile lenye baridi ya mashine, naye amechoka kutazama vitu tusivyonunua. Joto la nje halivumiliki. Tufanyeje?

Msomaji wa Doha

JIBU: Mke wako amefika katika miezi mibaya kabisa ya mwaka, na hilo si kosa la yeyote kati yenu. Serikali ya Qatar yenyewe hukataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15, kwa hiyo nanyi msijilazimishe kutoka mchana katika muda huo. Ihamishieni siku yenu usiku. Nendeni soko la Souq Waqif baada ya isha, ambako vichochoro, maduka ya viungo na mikahawa ya wazi vitamkumbusha mkeo Mji wa Kale kuliko duka lolote la vioo. Mchana wa siku ya mapumziko nendeni makumbusho badala ya dukani: Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, yaliyofunguliwa mwaka 2008, yana ubaridi ule ule mnaoutafuta, na ndani yake mna misahafu, vyombo na mazulia ya karne nyingi ambayo hayamalizwi kwa ziara moja. Chukueni vitambulisho vya ukaazi na muulize mlangoni kiingilio cha wakaazi.

Safirini kwa metro, iliyoanza kazi mwaka 2019, kwani ina mabehewa yaliyotengewa familia na mke wako ataweza kuizoea hata akiwa peke yake. Hili nalihimiza, kwa sababu mwanamke aliyezoea kupanda matatu ya Kisauni kwa hiari yake huumia sana anapogeuka kuwa wa kusubiri kuchukuliwa. Kuanzia Novemba mpaka Machi hali ya hewa hubadilika kabisa, na hapo utembeeni ufuo wa Corniche, wenye urefu wa kilomita 7 hivi, mpaka mahali yanapotia nanga majahazi ya mbao. Majahazi ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakileta tende na mazulia katika bandari yetu ya kale na kurudi Ghuba na boriti za mikoko ya Lamu. Baadhi ya mashua hizo huchukua abiria jioni kwa mzunguko mfupi ghubani; patana bei kabla ya kupanda, na uchague siku isiyo na upepo.